Mstari Kwenye Kidole Gumba

Shangazi yangu wanamwita Mama Subiri, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Walimpa wachuuzi waliokuwa wakija na mifuko mitupu wakitaka sabuni leo hii, sasa hivi, naye bila hata kuinua uso akawajibu, "Subiri." Sabuni yenyewe iko pale rafuni, nyeupe, imeshakatwa miche, inanukia, mtu anatamani aibebe aende zake. Lakini Shangazi hatoi sabuni ambayo haijakauka. Anasema sabuni mbichi bado ina kostiki ndani yake, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na kostiki ikikutana na ngozi ya mtoto mchanga haipigi hodi. Kwa hiyo watu wanangoja mwezi na zaidi. Wengine wanangoja huku wanatukana, lakini wanangoja.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume. Nafunga sabuni kwenye karatasi tangu nilipomaliza shule, na nina mdomo, hilo nakiri kabla hujaambiwa na wengine. Karakana yetu ni vyumba viwili nyuma ya fundi baiskeli. Chumba cha kwanza kina mapipa ya mafuta, sinki lililoliwa na dawa, na jiko ambalo Shangazi haruhusu mtu mwingine aliwashe. Cha pili ni rafu peke yake, kuanzia sakafuni hadi darini, na dirisha moja linalofunguliwa asubuhi na kufungwa jua likianza kupiga. Ukiingia mle unanong'ona bila kuambiwa, kama vile sabuni zimelala.

Watu hawaiti sabuni yetu kwa jina. Wanasema, "Nipe ile ya kidole." Kila mche una alama ya kidole gumba katikati, kimebonyezwa ndani, na kukatiza kidole hicho kuna mstari mmoja wa mshazari. Ni alama iliyosajiliwa serikalini, ina cheti chake ukutani, karibu na kioo. Na hadithi yangu yote ni ya mstari huo.

Ilianza kama kazi, haikuanza kama alama. Shangazi alipoanza kupika sabuni uani kwake hakuwa na kipimo chochote. Akishamimina kwenye kisanduku cha mbao, alikuwa anabonyeza kidole gumba juu yake. Kikitoka na sabuni, bado. Kikitoka safi na kuacha shimo zuri, basi ni wakati wa kukata. Mashimo hayo yakabaki kwenye miche, na wanunuzi wakayazoea. Mama mmoja alirudisha mche usio na shimo akasema huu haukupimwa. Toka siku hiyo kila mche ukabonyezwa.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Alikuwa na mwenzake, mwanamke wa rika lake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kicheko. Sikuwahi kumsikia mtu anacheka vile. Akianza kucheka kule kwenye mapipa, fundi baiskeli upande wa pili anaweka spana chini na kucheka naye bila kujua kisa. Yeye na Shangazi walichota maji pamoja, walibeba mafuta pamoja, walizaa mwaka mmoja. Shangazi hasemi sana, Kicheko hanyamazi, na hivyo wakaenda vizuri miaka mingi.

Kisha wakagombana, na sababu ni neno lile lile: subiri. Kicheko alikuwa na mwanawe aliyekuwa amekua, kijana wa haraka, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko kazi yake. Kijana alitaka sabuni itoke ikiwa na wiki moja. Mama yake akamwombea. Shangazi akakataa. Maneno yakapandana mpaka Kicheko akavua aproni akaitundika msumarini, akaondoka. Aproni ile ilikaa pale msumarini na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kicheko akafungua karakana yake upande wa pili wa mji, na sabuni yake nayo ikawa na kidole.

Shangazi aliijua mapema. Muuza duka alimletea mche, Shangazi akaugeuzageuza mkononi, akaona kidole, akaona mstari, akauweka chini. Nikasema, "Shangazi, huu si wizi huu?" Akasema, "Ni sabuni." Mimi damu ilinichemka, lakini yeye akarudi kwenye sufuria. Karibu mwaka mzima alikula jiwe. Nilifikiri ni woga. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa na lake moyoni.

Lililomwamsha ni ngozi. Kliniki ya wazazi ya pale karibu ilikuwa inachukua sabuni kwetu ya kuoshea watoto wachanga, na siku moja muuguzi mkuu akaja mwenyewe, miguu hiyo hiyo, amefunga mche kwenye kitambaa. Watoto kadhaa walikuwa wametoka mabaka mekundu, mmoja amechubuka kabisa chini ya shingo. Muuguzi hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama, nimekuamini sana wewe." Shangazi akaulamba ule mche kwa ncha ya ulimi, maana ndivyo wapika sabuni wanavyopima ukali, akatema sinkini. Ulikuwa mbichi. Haukuwa wa kwetu. Lakini ulikuwa na kidole, na mzazi mmoja aliununua dukani kwa jina la kidole.

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi uyamalize haya, la sivyo natafuta sabuni kwingine," muuguzi akasema. "Mpaka hapo sitapokea sabuni yoyote yenye kidole, ya kwako au ya mwingine. Siwezi kuzitofautisha, na akina mama hawawezi."

Maduka yakasikia, na yakaanza kurudisha. Rafu zetu zikajaa sabuni kavu, safi, isiyotakiwa na mtu. Hapo Shangazi akavaa gauni lake la kutokea na kunishika mkono tukaenda kwa wakili.

Sasa mimi mawakili siwapendi, lakini yule nilimpenda, na sipendi kusema hivyo. Alikuwa mtu mnene, mwenye feni ndogo mezani iliyokuwa inapepea karatasi kuliko inavyompepea yeye, na alikuwa na tabia ya kuuliza jambo na kisha kunyamaza mpaka unajisikia vibaya. Alieleza kwamba tunaweza kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha Kicheko kutumia kidole mpaka kesi yenyewe isikilizwe. Na kwa kuwa watoto wanaungua, tunaweza kuliomba kwa dharura, sisi peke yetu mbele ya jaji, kabla Kicheko hajaitwa.

Nikafurahi. Nilisema, "Safi kabisa. Asiitwe."

Wakili akanitazama. Kisha akamgeukia Shangazi. "Mama, hapo ndipo pagumu. Mwenzako hatakuwepo. Hatajibu. Kwa hiyo sisi ndio tutakaomjibia. Kila ambalo angelisema akiwepo, lazima tulitangulize sisi, hata linalotuuma. Tukificha, amri inaweza kutoka leo, na kesho ikigundulika jaji anaifuta, na hatatuamini tena hata tukiwa na haki. Niambie yote."

Shangazi akamwambia mengi. Kwamba waliwahi kufanya kazi pamoja. Kwamba alijua habari ya kidole karibu mwaka mzima na hakulalamika. Kwamba siku ya kuachana hakumkataza Kicheko kwa mdomo kutumia chochote. Wakili alikuwa anaandika, anatikisa kichwa, anasema "hilo litatuuma kidogo, liingie," anaandika tena. Nilitamani nimzibe mdomo kwa karatasi za kufungia sabuni.

Kisha wakili akachukua miche miwili, wa kwetu na wa Kicheko, akaiweka sambamba juu ya meza, na uso wake ukabadilika. "Angalia," akasema. "Kidole ni kidole, mtu anaweza kusema kila mtu ana chake. Lakini huu mstari! Ameiga mpaka mstari. Mshazari ule ule, mahali pale pale. Hii haiwezi kuwa bahati. Mama, hapa ndipo kesi yetu iliposimama."

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia mkono wake wa kulia, ulio na kovu la zamani la kuungua mpaka kwenye kifundo.

Jioni ile baba yangu alikuja, na Shangazi akatueleza tukiwa tumekaa kwenye viti vya karakana, mlango umeegeshwa. Zamani, kabla mimi sijaanza kazi, kostiki ilimmwagikia mkono wa kulia. Wiki nyingi ulikuwa umefungwa bandeji kama kichanga. Wakati huo wote aliyebonyeza sabuni alikuwa Kicheko. Na Kicheko ana kovu kwenye kidole gumba, alijikata akifungua debe la mafuta, na kila alipobonyeza, kovu lile liliacha mstari. Shangazi alikwenda kusajili alama mkono ukiwa bado umefungwa. Alichukua mche wa karibu rafuni, hakuangalia hata upi. Mchora mabango akaunakili kama ulivyo, kovu na yote. Mchoro uliporudi Shangazi akauona mstari, akajiambia kidole ni kidole. Baadaye kazi ilipozidi, seremala akachonga muhuri wa mbao kwa kuufuata mchoro ule, na mpaka leo ndio tunaogongea.

"Kwa hiyo hakuiga," Shangazi akasema. "Ule mstari ni kidole chake. Anabonyeza tu, unatokea."

Baba ni mdogo wake, dereva mstaafu, mtu wa kupenda njia fupi. Akashika tama. "Dada, nani anajua jambo hili?"

"Kicheko anajua."

"Kicheko hatakuwa mle chumbani."

"Ndiyo maana," Shangazi akasema.

Baba hakuelewa, au alielewa akakataa. Alimwambia alama imesajiliwa kwa jina lake, kwamba yeye ndiye aliyeipa heshima, kwamba kidole cha nani ni habari ya kale, kwamba watoto wanachubuka. Yote hayo yalikuwa kweli. Nami nilikuwa upande wa baba, na sioni haya kusema mpaka leo kwamba mimi ningenyamaza. Nilimwambia Shangazi, "Si unajua rafu zimejaa? Si unajua mwezi unaisha? Wakili mwenyewe amesema kesi imesimama kwenye mstari, wewe unataka kuuvuta?" Shangazi akainuka kwenda kukagua miche kwenye chumba cha rafu. Alikaa kule muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakukuwa na mapovu ya sabuni ya kusingizia.

"Siku aliyoondoka," akasema, "aliniambia, 'Hata kile kidole ni changu.' Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, 'Kidole gani?' Nikageuka nikakoroga sufuria."

Baba akatafuta kofia yake.

Siku ya kuapa tulikaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya mwanamke anayeapisha watu, chumba chenye dirisha dogo na wino wa kila rangi. Wakili alikuwa ameleta kiapo kimeshachapwa. Alimsomea Shangazi kila aya taratibu, na Shangazi aliitikia kila moja, mpaka walipofika kwenye ile isemayo mlalamikiwa kwa makusudi ameiga alama yetu pamoja na mstari wake wa pekee. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake. Akaiweka chini, akaisukuma mbali kidogo, kama sahani ya mtu aliyeshiba.

"Hiyo siwezi kuiapia, baba," akamwambia wakili, ingawa wakili angeweza kuwa mwanawe. "Hakuiga. Mstari ni wake."

Akamweleza yote pale pale, mbele ya yule mwapishaji na watu waliokuwa wanasubiri zamu zao, pamoja na "kidole gani". Hakupunguza, hakujipaka mafuta. Nilimwangalia wakili nikitegemea atalipuka. Alichofanya ni kukaa chini kwenye benchi, pwaa, akafuta jasho.

"Ungetia sahihi," akasema, "na mimi ningesimama kulisema mbele ya jaji kwa sauti kubwa."

"Ndiyo."

"Hii imetukata miguu, Mama."

"Najua. Nisamehe kwa kukuchelewesha."

"Si kunichelewesha," wakili akasema, na akacheka kidogo peke yake. Tukarudi ofisini kwake. Ile aya akaifuta. Mpya aliiandika upya mara kadhaa, na hakuificha katikati ya nyingine kama mtu anayeficha kidonge kwenye ndizi. Aliiweka mwanzoni kabisa, na maneno ya Shangazi akayaacha kama alivyoyasema.

Chumba cha jaji kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, na kila akigeuza ukurasa alikuwa akijifuta pua na kusema samahani. Wakili wetu alianza na lile linalotuuma. Alisema mwenye kidole kilichochorwa si mteja wake, ni mlalamikiwa, yaani Kicheko, na mteja wake anataka Mheshimiwa alijue hilo kabla ya mengine yote. Ndipo akaja kwenye usajili, miaka ya biashara, muuguzi, picha za ngozi za watoto. Jaji alisoma ukurasa kwa ukurasa. 

Kisha akavua miwani. "Mama, aya hii ya kwanza, nani alitaka iwemo?"

"Mimi, Mheshimiwa."

"Unajua inakudhoofisha?"

"Najua. Lakini mwenzangu hayupo. Angekuwepo angeisema."

Jaji akamtazama muda mrefu, halafu akapiga chafya, na kusema samahani. Akaeleza kwamba nyama ya kidole ni ya nani ni jambo moja, na wanunuzi wakikiona kidole dukani wanamfikiria nani ni jambo lingine, na hayo yatazungumzwa pande zote zikiwepo. Kwa sasa kuna watoto. Akatoa zuio la muda mfupi tu, la kidole peke yake: Kicheko aendelee kupika sabuni yake, asiibonyeze. Akaagiza karatasi zote zimfikie Kicheko siku hiyo hiyo, bila kupungua hata ukurasa. Wakati anatia sahihi alisema, kama anaiambia kalamu, "Mara nyingi ninaposikiliza upande mmoja, nasikia upande mmoja."

Tulipotoka nikataka kushangilia. Shangazi akaniambia nishike mkoba wake vizuri.

Siku ya pande zote mbili, mwana wa Kicheko alikuja na wakili wao, kijana mwenye suti iliyomkaa. Walikuwa na hasira ya watu walioandaa bomu wakakuta limeshateguliwa na mwenye nyumba. Wakili wao alisimama akasema amri ifutwe, akasema kidole ni cha mama huyu, akasema mwombaji alijua mwaka mzima. Kila alilosema jaji alikuwa akifungua kiapo cha Shangazi na kujibu, "Ndiyo, ipo." Akisema lingine, "Ndiyo, hilo pia lipo." Mwishowe kijana wa watu akabaki ameshika karatasi bila kujua aigeuze upande gani. Nilimwonea huruma, na mimi huruma sina nyingi.

Mama Kicheko alikuwa amekaa nyuma ya mwanawe. Alikuwa amezeeka. Hakuwa amecheka tangu alipoingia, na mimi nilikuwa namsikiliza, maana nilimkosa kuliko nilivyotaka kukubali. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, mimi kusoma sijui vizuri. Mwanangu alinisomea hizi karatasi, lakini ananisomeaga anayotaka yeye. Naomba ile ya kidole isomwe hapa."

Mwanawe akamvuta nguo. Jaji akamwashiria karani, na karani akasoma kwa sauti ya kikarani isiyo na chumvi wala sukari: kwamba kidole kilichosajiliwa ni cha mlalamikiwa, kwamba mstari ni kovu lake, kwamba siku ya kuachana mlalamikiwa alisema hivyo, na kwa maneno ya Shangazi mwenyewe, "nami nikamjibu, kidole gani, na nilijua kidole gani."

Kicheko alikuwa ameangalia mkono wake. Kisha akamwangalia Shangazi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Basi," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nalitaka miaka yote. Mengine yalikuwa hasira." Akavuta pumzi. "Na mimi niseme langu. Sabuni yetu inatoka mbichi. Nilimwambia mwanangu, hasikii, na mimi nikanyamaza. Amri ibaki."

Mwanawe alisimama akatoka nje, na mlango wa mahakama ukajifunga nyuma yake polepole kwa ile springi yake. Wakili wetu alikuwa anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi nililia, na sikujificha.

Kesi yenyewe haikufika mbali, walipatana. Kidole kikabaki kwetu, kwa kuwa ndiko watu walikokizoea, na Shangazi akataka iandikwe kwenye mapatano kwamba mchoro ni wa kidole cha Mama Kicheko. Mawakili wote wawili walimwambia si lazima. Akawaambia iandikwe. Muuguzi mkuu akarudi kabla mwezi haujaisha, akachukua mche, akaulamba mwenyewe kwa ncha ya ulimi, maana alikuwa ameshajifunza, na akasema tumletee.

Ningekuwa mimi ndiye Shangazi ningejisifu mpaka majirani wahame. Yeye nikimtaja habari hiyo anasema nihesabu karatasi. Siku moja nilimbana nikamuuliza, ingekuwaje kama jaji angekataa? "Tungekuwa na sabuni nyingi," akasema, akaendelea kukata miche.

Mama Kicheko alikuja asubuhi moja bila taarifa. Alipita kwa fundi baiskeli, nikasikia fundi anaweka spana chini. Alisimama mlangoni kwetu, akaangalia mapipa, sinki, jiko, akaiona aproni yake pale msumarini, imekakamaa kwa vumbi. Hakuna aliyemkaribisha, maana hakuna aliyewahi kumkaribisha mle. Alikuwa akiingia tu. Shangazi alikuwa ameinamia kisanduku cha sabuni iliyomiminwa muda si mrefu.

Kicheko akauokota muhuri wa mbao mezani. Akaugeuza, akaweka kidole gumba chake juu ya lile umbo lililochongwa. Kikalala pale, kovu juu ya mstari.

"Seremala wenu amenitia unene," akasema.

Shangazi akaguna. Kwa Shangazi, hicho ni kicheko kizima. Akasogea kando, akampisha mbele ya kisanduku, kama alivyokuwa akimpisha zamani mkono ukiwa na bandeji. Kicheko akakung'uta aproni mlangoni, akaivaa, akainama. Akabonyeza kidole juu ya sabuni, akakitoa polepole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Sabuni kidogo ilikuwa imekwamia kwenye kovu.

"Bado," Mama Kicheko akasema. "Subiri."